Kura ya Ng'wigulu

Mama Minza amefariki, na mimi niliyekuwa nimeapa kwamba magoti haya hayatapanda tena mlima wowote, nimepanda. Simu ilinikuta kibarazani kwangu Kahama nikipepeta mchele, na kabla binti yake Minza hajamaliza kusema nilikuwa nimeshaweka ungo pembeni. Aliniambia siku hizi bodaboda zinafika mpaka juu kabisa. Nikamjibu kwamba bodaboda ni za watoto, njia ile mimi naijua kwa nyayo. Nilipofika nusu ya mlima niliyajutia maneno yangu. Nilikaa juu ya jiwe nikihema, bodaboda moja ikanipita na waombolezaji wawili na kuku, na hata yule kuku alinitazama kwa huruma. Lakini pale nilipokaa nilisikia maji. Chemchemi ya Ng'wigulu ilikuwa inatiririka katikati ya kiangazi, na nyasi zilizoizunguka zilikuwa zinanifika kiunoni. Nililia hapo hapo, kabla hata ya kufika msibani, na sehemu kubwa ya machozi hayo ilikuwa ya furaha. Maji yale na majani yale yapo kwa sababu ya neno moja lililosikika vibaya, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimeamini kwamba ulimi uliokosea ulikuwa wangu.

Ng'wigulu kwa Kisukuma ni mbinguni. Nadhani waliokipa kitongoji kile jina hilo hawakuwa na majivuno, walikuwa wamechoka tu kupanda. Kaya hazikufika ishirini, zote zimebebana juu ya mlima wa mawe, upande wa njia ya kwenda Ushirombo. Nilipelekwa huko nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nikafundishe shule shikizi ya darasa moja kwa ajili ya watoto wadogo ambao masika hawakuweza kuvuka kijito kwenda shule mama kule chini. Watu wa ofisini walinipa pole. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu kicheko nilichokikimbia kilikuwa kimebaki nyuma yangu. Chuoni, siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, niliandika ubaoni neno "barabara" kwa mwandiko mzuri sana, nikageuka nikalisoma: "Balabala." Darasa likaanguka kwa kicheko, na mkufunzi aliyekaa nyuma akafunika uso kwa daftari, mabega yakimtetemeka. Tangu siku hiyo nikawa bingwa wa kukwepa. Nilisema "njia" badala ya barabara, "mwenzangu" badala ya rafiki, na mtu akiniuliza nitafanya nini Jumatatu au Ijumaa sikuwa na shida, siku zetu za wiki ni za heshima, hazina herufi ile. R ilikuwa inakuja siku inayotaka yenyewe. Mwalimu asiye na uhakika na herufi moja anaishi na woga ambao watu hawauoni, na mimi niliishi nao.

Nilipewa chumba kwa Mama Minza. Kilikuwa chumba cha vihenge. Vitatu vilikuwa vyao, vimejaa mtama na karanga, na kwenye nafasi iliyobaki kiliingia kitanda changu cha kamba. Ukuta ulikuwa umesiribwa kwa udongo na majivu, laini, na ulinukia karanga mpaka nguo zangu zikanukia karanga. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na chumba chake mwenyewe, ambacho mgeni haingii. Alfajiri nilikuwa nasikia kutoka huko sauti ya mwanamke ikisema taratibu maneno ya sala: roho, rehema, Maria, na kila r ilikuwa imenyooka na kali. Nikawa najiambia kwamba Mama Minza ana redio nzuri. Nilikuwa nalala kifudifudi nikiisikiliza na kumwonea wivu mtangazaji yule. Halafu jua likitoka Mama Minza mwenyewe alitokea mlangoni na kibuyu cha maziwa mgando, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Malahaba mwalimu. Umeamka salama, lafiki yangu?" Hakukuwa na mtu Ng'wigulu aliyekuwa na r. Nilijihisi nyumbani, na wakati huo huo nilijihisi nimenaswa.

Maisha yao yalikuwa ya pamoja kwa namna ambayo sijaiona tena. Shamba kubwa lililokuwa kwenye tambarare ya mlimani lililimwa na kaya zote, kwa ngoma, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na aliyechelewa alipewa sehemu yenye mawe. Jioni, jua likiwa bado lipo, wanaume walikula kwenye uwanja wao na wanawake kwenye wao, kila nyumba ikileta chungu chake: ugali wa mtama, mlenda, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na kiangazi viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, vitamu kuliko keki yoyote niliyokula harusini. Ukiitwa kula ulikwenda. Hata ukiwa na homa ulikwenda ukaonja, na hukwenda mikono mitupu. Mtu aliyewakosea wenzake hakuwa na haja ya kupiga magoti; aliwaita kula, nao wakija na vyungu vyao ilimaanisha yameisha. Na juu ya yote kulikuwa na ngitili, ule mteremko wa nyasi na miti ulioizunguka chemchemi. Mvua zikianza ulifungwa, ng'ombe hakanyagi, shoka haliingii, mpaka kiangazi kikali ndipo unafunguliwa. Haukuwa na uzio hata wa miiba. Uzio wake ulikuwa makubaliano.

Taarifa nazo zilikuwa na njia yake. Palikuwa na mawe saba makubwa yaliyosimama kutoka chini hadi juu, kila moja karibu na nyumba fulani. Ukiwa na neno la kuwaambia watu ulipanda jiwe la kwanza, lililokuwa kando ya darasa langu, ukaita. Aliye karibu na jiwe la pili alipanda akarudia, wa tatu akapokea, hivyo hivyo mpaka kileleni. Kwa sababu ya upepo neno lilipaswa kuwa fupi, na sheria ilikuwa moja tu: unapitisha ulichokisikia. Habari za kwao zilipita kwa Kisukuma, lakini habari za serikali zilipita kwa Kiswahili kile kile zilichokuja nacho, ili baadaye asije mtu akasema watu wa mlimani wamezipotosha. Kupotosha neno la jiwe lilikuwa kosa kubwa kuliko kulisha ng'ombe ngitilini. Jiwe la pili lilikuwa la Mama Minza. La tatu lilikuwa la Masanja, mwanaume mrefu mwenye sauti nzito, na yeye ndiye sababu ya watu wale kutokwenda tena kwenye mikutano.

Kisa hicho nilihadithiwa nikiwa namenya karanga na wanawake, kwa sauti za chini, Masanja asisikie. Mwaka mmoja kabla sijafika, kwenye mkutano wa kijiji kule chini, alisimama kuomba barabara ya mlimani itengenezwe. Kijiji wakati huo kilikuwa kimejaa wageni waliofuata dhahabu, wachimbaji na wafanyabiashara wa kila kabila. Masanja akasema "balabala", mmoja akamwigiza, uwanja mzima ukaanza kuimba "balabala, balabala", na mwenyekiti naye akacheka. Masanja akakaa. Ng'wigulu nzima iliondoka siku hiyo, wakaapa kwamba hawatakanyaga mkutano wa watu wale mpaka waombwe radhi. Niliposikia hivyo karanga zilinidondoka mkononi. Lilikuwa neno lile lile langu. Nilitamani kumkimbilia Masanja nimwambie, sikumwambia.

Nadhani Mama Minza aliniona usoni, maana kesho yake, watoto walipoondoka, aliingia darasani na ungo wa kunde, akakaa dawati la mbele magoti yakiwa kidevuni, akasema anataka nimfundishe ile herufi ya watu wa mjini. Nilitaka kukataa. Mwanafunzi wa namna ile, aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na anayenipikia, unamkataaje? Nikaanza. "Rafiki," nikasema, nikiomba Mungu. "Lafiki," akasema. "Hapana mama, weka ulimi juu. Rrra." "Lla." Tuliendelea hivyo kila mchana kwa miezi. Alikuwa mzito kupita kiasi. Alinitaka nirudie mara kumi, mara ishirini, alinitazama mdomoni akinuna, akaniambia hajasikia vizuri, rudia tena mwalimu, sema pole pole, sasa sema haraka. Siku nyingine nilikasirika nikatoka nje nikapiga teke jiwe. Kunde zake zilikuwa zimeshachambuliwa zote na r hakuipata. Minza, binti yake wa miaka saba, aliipata ndani ya wiki mbili na akawa anaitembeza mlimani kutwa nzima kama pikipiki. Mimi, bila kujua ni lini hasa, niliacha kukwepa. Siku moja masika nilisema "barabara" mara tatu katika sentensi moja mbele ya watoto, nikagundua nilipokwisha kuisema. Niliwapa mapumziko kabla ya wakati, nikakaa peke yangu nikicheka.

Kiangazi ndipo alipokuja tajiri mmoja wa karasha. Alikuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule chini, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mwamba wa chemchemi yetu una mali. Alitaka ngitili ifunguliwe, maduara, yale mashimo ya dhahabu, yachimbwe, na maji ya chemchemi yaende kuoshea mchanga. Kijiji ndicho kilichokuwa na ardhi kwenye karatasi, kwa hiyo mkutano mkuu ndio ungeamua, na watu wa chini walikuwa wameshaanza kugawana mashimo. Jioni tulikula kama kawaida, wanawake peke yetu. Nilimsikia Masanja ng'ambo akisema kwa sauti yake ile nzito kwamba liwe liwalo, yeye hashuki kwenda kuchekwa, na wanaume wakamuunga mkono mmoja mmoja. Nilikuwa mtumishi wa serikali, tena mgeni, lakini nilipandwa na hasira. Nilimwambia Mama Minza kwamba watapoteza maji yao kwa sababu ya kicheko kimoja. Akaendelea kula. Akasema, "Hawajaombwa ladhi, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa.

Siku chache baadaye mtendaji wa kijiji alinipa karatasi nitangaze. Alikuwa mtu wa haraka, na aliponikabidhi alitabasamu akaniambia nitangaze tu kutimiza utaratibu, wale hawashuki. Nilipanda jiwe la kwanza asubuhi ile. Niliyapunguza maneno yakatosha upepo. Nikajaza kifua nikaita: "Jumamosi. Saa nne. Shuleni chini. Kura. Wote." Neno kura nililivingirisha kwa nguvu zangu zote. Kisha kutoka jiwe la pili sauti ya Mama Minza ikapanda: "Jumamosi. Saa nne. Shuleni chini. Kula. Wote." Masanja akapokea kula, wa nne akapokea kula, ikaenda hivyo mpaka kileleni. Sikushtuka. Kwao kura ilikuwa kula siku zote, hapakuwa na sauti nyingine ya kuisemea. Nilishuka jiweni nikiwa na huzuni, nikijua kwamba Jumamosi nitashuka peke yangu.

Jumamosi nilishuka mapema. Watu wa chini walikuja wachache, wamejiachia, wengine hawakuona haja ya kuacha shughuli zao kwa jambo lililokwisha. Tajiri alikaa kiti cha mbele, amevaa viatu vyeupe. Mtendaji alikuwa ameshafungua daftari la mihtasari aliposikia ngoma, akainua kichwa. Njiani, kutoka kwenye miti, Ng'wigulu ilikuwa inashuka. Wanawake walikuwa mbele, kila mmoja na chungu kichwani, vimefunikwa kwa majani ya mgomba. Wanaume walifuata na vibuyu vya maziwa. Bibi wa kileleni, ambaye sikuwahi kumwona nje ya ua wake, alibebwa kwenye kiti. Walikuwa wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za sikukuu, na Masanja alikuwa katikati yao anatabasamu. Walikwenda moja kwa moja kwa wale watu wa chini wakaanza kuwashika mikono. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitaka ardhi ipasuke. Walikuwa wamesikia kwamba wameitwa kula. Walidhani watu wa chini wameamua kuomba radhi kwa desturi ya mlimani, nao wamekuja kusamehe.

Mtendaji aliuliza kwa ukali, "Nyinyi mmekuja kupiga kura au kula?"

Nilimtazama Masanja, uso wake ukaanza kubadilika, nikajua sekunde chache zijazo ataweka kibuyu chini na kuondoka, na wote watamfuata. Mama Minza alikuwa ameshapiga hatua mbele. Alitua chungu chake mbele ya kiti cha tajiri, akanyoosha mgongo. "Vyote viwili, baba," akasema. "Chakula kinapoa. Kula haipoi."

Sijui nani aliyeanza kucheka. Kilikuwa kicheko kingine kabisa, hakikumwigiza mtu, na Masanja mwenyewe alikuwa ndani yake. Mtu mmoja wa chini, fundi wa baiskeli, alifunua chungu kilichokuwa karibu naye, harufu ya karanga ikatoka, na mkutano ukaahirishwa bila mtu kuuahirisha. Walikula pamoja, mikono ya waliomcheka Masanja ikiwa katika sahani moja na mkono wake. Fundi yule alimwambia, nilisikia kwa masikio yangu, "Mzee, mwaka ule tulikukosea." Masanja akamsogezea nyama. Saa sita ndipo walipopanga mistari miwili. Wa kukubali ngitili ifunguliwe ulianzia kwa viatu vyeupe na uliishia karibu hapo hapo. Wetu ulizunguka darasa, ukapita vyoo, na mkiani mwake nikaona watu ambao hawakuwa wa mlimani kabisa, wanafuta midomo. Mtendaji alihesabu mara mbili, akaandika. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, nikikaa kimya vizuri, bado navisikia.

Tajiri alilalamika kwamba watu wamedanganywa. Mtendaji akauliza nani alitangaza, nikasema ni mimi. Akauliza nilisema nini. Nilifungua mdomo niseme kura, na sikuwa na uhakika. Nilikumbuka ubao wa chuoni. Niliona wazi kabisa kwamba kwa hofu ulimi wangu ulinirudisha nyuma nikasema kula pale juu ya jiwe, na Mama Minza, mwaminifu wa sheria, alipitisha alichokisikia. Nikasema nadhani nilikosea. Nilipewa barua ya onyo, nikaitia saini, na Mama Minza alisimama pembeni akitafuna karanga. Mlimani walinibeba juu juu. Waliniita Mwalimu Kula, na mpaka nilipohamishwa mwisho wa mwaka ule nilikula kila nyumba. Niliipenda sifa ile na iliniuma. Nimefundisha karibu miaka thelathini na mitano baada ya hapo, na kila nilipoisema ile herufi mbele ya darasa nilikuwa naisikiliza kwanza.

Haya yote nilimsimulia Minza jana, baada ya maziko, tukiwa tumekaa kwenye kile chumba cha vihenge. Ni mama mtu mzima sasa, na ndiye mwalimu wa shule ya Ng'wigulu, yenye madarasa saba. Nikamwambia ninavyokumbuka kila kitu cha nyumba ile, hata redio ya mama yake ya alfajiri, ilivyokuwa ikisali vizuri.

"Redio?" akasema. "Mwalimu, sisi hatujawahi kuwa na redio."

Akaenda chumba cha pili, akarudi na kitabu cha sala kilichochakaa. Mama yake, kabla ya kuolewa, alikuwa mpishi wa misheni kule Ushirombo kwa miaka sita, na Jumapili alikuwa anasoma masomo mbele ya kanisa lililojaa. Alipokuja kuolewa mlimani aliiacha r yake chumbani, kwa sababu hakutaka kuwa mwanamke anayesema tofauti na wenzake. Wiki mbili kabla ya kufa alimwita Minza akampa ujumbe wa kunifikishia, na Minza akaurudia neno kwa neno mpaka mama akaridhika. Minza aliniambia kama alivyoambiwa: "Mwambie mwalimu alisema kura. Niliisikia vizuri mno. Nilivunja sheria ya jiwe kwa makusudi, nikaogopa kusema. Na mwambie alikuwa mwalimu mvumilivu."

Niliona lile dawati la mbele, ungo wa kunde, na mdomo wake unavyonuna akisema rudia tena, sema pole pole, sasa sema haraka. Nani alikuwa anamfundisha nani? Nilimkasirikia kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kwa ajili ya barua ile ya onyo. Kisha nikaanza kucheka, msibani, mimi mtu mzima, nikicheka mpaka Minza akanishika, naye akaanza, na wanawake wakachungulia mlangoni kuona kulikoni.

Hapo nje mtoto mmoja alipanda jiwe la kwanza. Nilisahau kusema kwamba tangu mwaka ule mlo wa pamoja wa Ng'wigulu hauitwi tena kula. Mtoto akajaza kifua, akaita neno moja, na mawe yote saba yakalipokea mpaka kileleni bila kulipotosha: "Kura!" Nikajifunga kanga, nikamuuliza Minza chungu changu kiko wapi.